Picha Isiyokauka

Jumamosi saa nne asubuhi, daktari wa meno mstaafu alivaa miwani ya kusomea juu ya ile ya kuonea mbali, akaomba picha namba tisa igeuzwe. Ndiyo tabia yake tangu aanze kukusanya picha za wachoraji wa siku hizi: kwanza anatazama mgongo. Mbele kila mtu anaona, alikuwa akisema, lakini nyuma ndiko kuna misumari, lebo za wamiliki wa zamani na madoa ya unyevu. Amekagua vinywa vya watu miaka thelathini na minne na hajawahi kuamini tabasamu.

Mgongo wa namba tisa ulikuwa safi. Mbele palikuwa na jiko lenye dirisha wazi, meza ya buluu, na ukuta wa njano uliomfanya asahau alichotaka kuuliza. Aliipenda hapo hapo. Pembeni chini ilikaa sahihi ya Profesa, mchoraji maarufu ambaye hajawahi kufundisha popote, ila jina limemganda.

"Usiiguse, Daktari," alisema dalali wa mnada, akipita na nyundo yake. "Leo mama wa chai yuko zamu."

"Kwa hiyo?"

"Akipita karibu, rangi inarudi mbichi. Akienda zake, inakauka. Tumeandika kwenye orodha, ukurasa wa kumi na mbili."

Kweli ilikuwa imeandikwa, chini ya vipimo: hulowa mara kwa mara, haipunguzi thamani.

Mama wa chai alitoka jikoni na sinia la vikombe. Alipofika usawa wa namba tisa, ukuta wa njano ulianza kung'aa, harufu ya rangi ikajaa ukumbini, na tone moja likateremka kutoka dirishani kuelekea mezani. Aliweka sinia chini. Akalirudisha tone mahali pake kwa kidole gumba, akasawazisha ukingo wa dirisha, akajifuta kwenye aproni, kisha akaendelea kuuliza nani anatumia sukari. Waliokuwa jirani walisogeza makoti yao yasichafuke.

Daktari aliinama. Kila kitu pichani kilikuwa kibichi isipokuwa sahihi ya Profesa. Hiyo ilikuwa kavu kama biskuti.

Alimfuata mama wa chai hadi jikoni.

"Dada, ile picha ni yako."

"Ni yangu," alisema mama wa chai, akisuuza vikombe. "Nilikaa kwa Profesa miaka kumi na mmoja. Aliniajiri nimwoshee brashi. Siku ya kwanza niliosha brashi."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili aliamka na mafua. Mafua yenyewe mpaka leo hayajapona. Kazi aliyoiweza ni kutia sahihi tu."

"Watu hawajui?"

"Wanajua. Si wanasogeza makoti?" Alifunga bomba. "Mimi sitaki kesi na mtu. Nataka jina langu likae kwenye ile picha, mtu apite alisome. Basi."

"Nikiipata, utaliandika," alisema daktari, na alimaanisha. "Mimi mwenyewe nitakushikia kopo la rangi."

Mnada ulianza. Mume wa daktari, mpima ardhi mstaafu, alikaa kando ya mkewe na futi ya kupimia mfukoni, maana ukuta wa sebuleni alishaupima tangu juzi. Jukumu lake lilikuwa kumshika mkewe kiwiko akianza kuzidisha. Namba tisa ilipopanda mezani alikishika mara mbili. Mara ya tatu aliitazama ile njano, akakiachia. Nyundo ikagonga, na kibao cha daktari cha kupandishia bei kilikuwa bado juu.

Kuanzia wiki ile, mama wa chai alikuja nyumbani kwao kila Ijumaa jioni akitoka kazini. Hakuhitaji kupiga kengele. Mzee, mume wa daktari, akiona meza ya buluu imeanza kung'aa, alijua mgeni amefika getini, akaenda kufungua. Mgeni aliongeza birika pichani. Wiki ya pili akaongeza paka, na ya tatu kofia ya mzee ikining'inia msumarini, jambo lililomfanya mzee atembee nyumbani bila kofia siku nzima akijisifu kwamba yake iko kwenye sanaa. Walicheka sana Ijumaa zile. Mama wa chai alisema chai ya daktari ni maji yaliyotishwa kwa majani, na kuanzia hapo akawa anaipika mwenyewe.

Ijumaa ya nne alisema, "Leo naandika."

Daktari alileta kopo, kama alivyoahidi. Lakini asubuhi ile alikuwa amepokea barua ya makumbusho. Wanaomba kuazima picha kwa ajili ya maonyesho ya Profesa, na chini ya picha kutakuwa na kibandiko: kutoka mkusanyo wa, halafu jina la daktari, kwa herufi kubwa. Alikuwa ameisoma mara sita.

"Dada yangu, sikatai," alisema. "Ila mgongoni je? Mimi mwenyewe si huanzia mgongoni? Mjuzi wa picha ataliona."

Mama wa chai alimtazama. Aliumia, hata mzee aliona, akageukia dirishani. Kisha mama wa chai akaigeuza picha, akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko mzuri, na daktari akamshikia kopo mpaka mwisho. Picha ikarudi ukutani. Wakanywa chai.

Makumbusho walipokuja kuichukua, jina lilikuwa limehamia ukutani nyuma yake, bichi, limegeuka kinyume kama maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Mzee alilipaka rangi nyeupe. Kesho yake lilikuwa limerudi. Akalipaka tena, na sasa analipaka kila asubuhi baada ya kunyoa ndevu. Anasema kwa mstaafu ni mazoezi mazuri.

Wageni waliokuja kupongeza kibandiko cha makumbusho waliuliza jina lile ukutani ni la nani.

"La mama wa chai, anapika chai tamu sana," alisema daktari kwa furaha, na mzee akainuka kwenda kuchukua kopo la rangi nyeupe.