Wino Mwekundu kwenye Jalada la Santuri

Mwalimu Ochola alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa mkono asubuhi, mpaka jioni alikuwa angali anajiuliza ulikuwa unataka nini. Kufundisha hesabu kulimzidishia ugonjwa huo, maana kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kusaka nani amenakili jibu la nani.

Kwa hiyo siku alipokuta santuri yake imelala ndani ya jalada upande wa pili ukiwa juu, hakujiambia kwamba labda amesahau. Ochola hakuwa mtu wa kusahau. Kila jioni aliirudisha upande wa kwanza ukiwa juu, tangu mwaka juzi, 1981, alipoinunua Mombasa kwenye duka la Mhindi. Isitoshe, kitufe cha sauti cha gramafoni kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kabisa. Mtu aliingia chumbani mwake, akapiga santuri yake, na akaipiga kwa kunong'ona ili asisikike.

Ilikuwa santuri ya ule muziki ambao Wazungu wenyewe waliuita wimbi jipya. Ngoma yake haikupigwa na mkono wa mtu. Ilipigwa na mashine, tiki-tiki-taka, tiki-tiki-taka, bila kuchoka wala kukosea, na juu yake mwanamke mwenye nywele fupi aliimba kwa sauti kavu kama anayeita majina ya darasa. Walimu wenzake walimcheka. Muziki gani huo usiochezeka? Yeye aliupenda, na aliupenda kwelikweli. Kutwa nzima alishinda na watoto arobaini na wanane wanaomwambia kwamba saba mara nane ni sitini na moja. Akirudi saa kumi jioni, koo limekauka kwa vumbi la chaki, alivua viatu, akaweka sindano mahali pake, na kwa nusu saa akasikiliza kitu kinachojua kuhesabu.

Na sasa kuna mtu anakigusa.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, katika nyumba ya marehemu Mzee Zubeir, fundi cherehani wa mtaa wa Shela, Malindi. Kilikuwa na milango miwili. Wa barabarani ulikuwa na kufuli, na ufunguo Ochola alitembea nao. Wa ndani ulielekea ukumbini kwa wenyeji, na komeo lake lilikuwa upande wao. Mzee alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Mjane wake, Bi Shekha, alikuwa kwenye eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila manukato, bila hina, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu yake. Ochola alikuwa hajamwona tangu siku ya mazishi. Alimsikia tu akikohoa.

Mtu mmoja aliingia na kutoka nyumba hiyo apendavyo, naye ni Mwalimu Abdulghani, mtoto wa dada yake Bi Shekha, kijana wa Mambrui aliyepanga chumba cha pili huku akimwangalia mama yake mdogo. Alifundisha dini shule ileile. Ndiye aliyesema mbele ya walimu wote, wakati wa chai, kwamba muziki wa Ochola humtia mtu ukiziwi wa moyo. Na ndiye aliyekwenda nyumbani kila siku adhuhuri, kula na kupitia msikitini, wakati Ochola ana kipindi.

“Kumbe,” Ochola alijisemea. “Anatuhubiria sisi, halafu anajifungia na santuri yangu.”

Jambo hilo lilimpa furaha mbaya. Hakutaka kumuuliza. Alitaka kumkamata.

Alhamisi asubuhi alichukua pakiti ya wino mwekundu wa unga, ule ambao walimu hukoroga kwa maji wakapata wino wa kusahihishia. Ukiwa mkavu huuoni. Ukikutana na maji hauna msamaha, utakaa mkononi siku tatu. Akaunyunyiza kidogo pembeni mwa jalada, kidogo kwenye kitufe cha gramafoni. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Abdulghani atagusa, kisha atakwenda kutawadha, na mikono itageuka myekundu pale msikitini, mbele ya watu. Ochola alicheka peke yake njia nzima ya shule.

Saa nane Abdulghani alirudi darasani mikono ikiwa nyuma. Ochola akamfuata kama kivuli. Mikono ikatoka, ikashika chaki, ikaandika ubaoni. Ilikuwa safi kabisa.

“Mbona waniangalia hivyo, bwana Ochola?” Abdulghani aliuliza.

“Naangalia saa yako tu.”

“Sina saa.”

Jioni Ochola alikimbilia nyumbani. Jalada lilikuwa na alama nyekundu za vidole vilivyotoka jasho, vyembamba, vinne upande huu na kimoja upande ule. Alisimama akikuna kichwa. Kama si Abdulghani, ni nani? Hapo ndipo alipoyasikia makelele nyuma ya mlango wa ndani.

Ilikuwa siku ya wanawake kuja kukaa na mjane. Sauti moja ilizipita zote, nayo ni ya Kaltuma, dada wa marehemu, mwanamke ambaye hata akikuombea dua utadhani anakugombeza.

“Nionyesheni tena! Fungua kiganja, wifi. Hina hiyo! Kaka yangu hajatimiza siku sitini kaburini, na wewe umeketi hapa na mikono ya bi harusi!”

“Si hina, Kaltuma,” sauti ya Bi Shekha ilijibu, chini sana. “Nimetawadha adhuhuri nikaona mikono yageuka. Wallahi sijui ni nini.”

“Hujui! Mtu hajui alichotia mkononi mwake? Unampambia nani? Nyumba ina wapangaji wanaume wawili, mmoja mtoto wako, na mmoja si wako. Nitawaambia ndugu zangu leo hii. Wameichukua cherehani, na nyumba wataichukua!”

Ochola alirudi nyuma. Akaketi kitandani. Alikuwa ametega panya, na mtego umemfyatukia mwenye nyumba. Alitaka kuugonga mlango na kupiga kelele kwamba wino ni wake. Lakini akitokea kwa mwanamke aliye edani na kusema, “Mikono yake ni myekundu kwa sababu ameingia chumbani mwangu,” atakuwa amemmaliza kabisa. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Akatoka mbio kwa mlango wa barabarani, akamkuta Abdulghani anakaribia kizingiti.

Akamwambia yote. Santuri, kitufe, wino, na alikuwa amemtegea nani. Hakujisaza.

Abdulghani alisikiliza bila kupepesa. “Mimi,” alisema mwishowe. “Ulitaka mimi nisimame msikitini na mikono hiyo.”

“Ndiyo.”

“Na ungecheka.”

“Ningecheka. Nisamehe, ndugu yangu. Nipige ukitaka, lakini fanya jambo. Yule mama wanamwua.”

Abdulghani akanyoosha mkono. “Lete huo wino.”

Akaingia na pakiti kupitia mlango mkubwa, akapiga hodi. Ochola alirudi chumbani, akabandika sikio kwenye mbao za mlango wa ndani.

“Shikamooni, mama zangu. Jitandeni, naingia.” Nguo zikavutwa vichwani. “Kuna wino wa shule umemwagika humu ndani, wino wetu walimu. Njooni mtazame komeo hili. Mama mdogo hulifunga kila siku sisi tukiondoka. Mwaona vumbi hili?”

“Vumbi gani? Sioni kitu,” Kaltuma alisema.

“Huoni, kweli. Lete kiganja, shangazi.”

“Cha nini?”

“Lete.”

Ochola akasikia pakiti ikitikiswa, kisha maji yakitoka kwenye birika, kisha ukelele wa Kaltuma, kisha kicheko cha mwanamke mmoja kilichozibwa haraka kwa leso.

“Haya, shangazi, na wewe yatazame yako,” Abdulghani alisema kwa upole. “Nikienda kwa ndugu zako niwaambie umejipambia nani?”

Kaltuma aliondoka kabla ya magharibi, mkono wa kulia ameuficha ndani ya buibui. Neno la hina halikusikika tena mtaani, maana mwenye kulipeleka alikuwa amelibeba mwenyewe kiganjani.

Baadaye Abdulghani alikuja chumbani kwa Ochola. Hakuketi.

“Sikusema uongo hata neno moja,” alisema. “Nataka ujue hivyo.”

“Najua.”

“Nimemuuliza mama mdogo kwa nini. Amelia. Amesema wewe umsamehe.”

“Mimi nimsamehe yeye?”

“Amesema muziki wako haujui na haumpendezi, na angefurahi lau yule mwanamke anayeimba angenyamaza. Yeye husikiliza ngoma tu. Asema husikika kama cherehani ya mzee. Miaka thelathini na mmoja mzee ameshona, naye ameketi ubavuni akitia vifungo. Walipoichukua cherehani, nyumba ikanyamaza. Halafu siku moja akaisikia, nyuma ya mlango wako.”

Ochola aliitazama santuri. Mara ngapi alikuwa ameihesabu ile ngoma, akijiona ndiye peke yake duniani aliyeielewa!

Kesho yake, Ijumaa, alirudi saa kumi kama kawaida. Alipangusa jalada kwa kitambaa mara tatu. Akaisogeza gramafoni mpaka kwenye mlango wa ndani, akaigeuza mdomo uelekee mbao, na akapandisha sauti. Abdulghani aliingia, akaketi kwenye kiti cha pekee, akiwa na tasbihi mkononi na uso wa mtu aliyepelekwa kung'olewa jino.

“Cherehani si haramu,” alisema.

“Sikusema kitu,” Ochola akajibu.

Tiki-tiki-taka, tiki-tiki-taka. Upande wa pili hakukuwa na sauti, hata kikohozi. Ochola, kwa tabia yake, akaanza kushuku: labda ameona aibu, labda amekwenda jikoni, labda amechukia. Nyimbo tano zikapita. Sindano ikafika mwisho, ikakwaruza, na chumba kikawa kimya.

Mlango wa ndani ukagongwa mara mbili, polepole, kwa kifundo cha kidole.

Ochola akapiga magoti, akairudisha sindano mwanzo.