Besi Iliyokataa Kuzimika

Spika ya besi niliiweka pale anapokaa Babu Hermides akisikiliza muziki, kisha nikapiga magoti na kuanza kutambaa kando ya kuta. Ndivyo sisi wahandisi wa sauti tunavyoitafutia mahali: pale sakafuni unapoisikia besi safi, isiyovuma ovyo, ndipo spika inapohamishiwa.

"Mwangalieni mhandisi wetu," binamu yangu Duván alicheka, mdomo umejaa pandebono, mkate wa jibini. "Miaka yote chuoni, amehitimu kutambaa!"

"Tafuna kwanza, ndugu yangu. Halafu ongeza sauti."

Babu alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na rafu za santuri. Masikio yake yamekufa. Salsa huipokea kwa nyayo. Nilimtengenezea chumba hiki ili irudi kwake nzima, wala nyumba nyingine za mtaa wetu wa Barrio Obrero zisilalamike. Mlango niliuweka mzito, usiovujisha sauti. Dirisha pekee nililiziba kwa paneli nene ya ubao na pamba ya mawe, ile inayomeza sauti, nikaikaza kwa misumari.

Nilipofika pembeni mwa chumba, sakafu ilinguruma chini ya viganja vyangu. Babu alifumba macho, akatabasamu.

"Hapo hapo, mjukuu wangu! Inanifika mpaka magotini!"

Nikafurahi karibu nilie. Glasi ya maji ikateleza mezani, ikaanguka.

"Duván, punguza basi."

Hakucheka. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili.

"Yurany, nimeshaizima."

Vumbi la udongo likatumwagikia kutoka darini. Nikakimbilia mlango, nikauvuta, haukusogea. Fremu ilikuwa imepinda, imeubana. Duván aliupiga teke, akamwita Mungu, akaupiga tena. Na Babu bado alikuwa akitabasamu, macho ameyafumba, santuri zikimwangukia mabegani.

Nikamkumbatia kichwa. Alipofumbua macho na kuona uso wangu, alielewa kuwa si muziki, ni tetemeko.

"Tokeni nyie," alisema. "Mimi mzigo. Tokeni!"

"Tokeni wapi, Babu?" Duván alifoka, kana kwamba mzee angemsikia.

Nikaing'ang'ania ile paneli. Misumari yangu mwenyewe, niliyoikaza vizuri hivyo! Kitambaa kikachanika, pamba ikanichoma vidole, ubao haukutoka. Ukuta ulipasuka juu ya dirisha, ufa ukashuka ukituelekea. Duván akaingiza mguu wa meza nyuma ya paneli, tukaegemea wote wawili, ikang'oka. Akarukia barabarani. Nikamwinua Babu kwapani, sijui kwa nguvu gani, nikampitisha kama mtoto, nikajitupa nyuma yake.

Ukuta ukaanguka ndani, juu ya kiti cha magurudumu.

Tulikaa katikati ya barabara, mbali na nyaya za umeme. Watu walikuwa wakiitana majina. Babu alinishika mikono, akakunja uso kama anayesikiliza.

"Bado linaendelea?"

Nikatikisa kichwa, nikasema polepole ili aisome midomo yangu:

"Limeisha, Babu. Ni mimi ninayetetemeka."