Isale la Kwa Sadala

Ndege ilikuwa bado inatambaa kutafuta pa kuegesha, na Zita alikwishawasha simu na kuita teksi mtandao. Mhudumu alimtupia jicho kali. Zita naye akamtazama, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na lake rohoni, mhudumu ndiye aliyegeukia pembeni.

Kaka yake, Wenseslaus, alikuwa anaingia chumba cha upasuaji saa tano, Moshi mjini, na madaktari hawakuahidi kitu. Tangu mazishi ya mama yao, miaka miwili iliyopita, ndugu hawa hawakuwa wanasemezana. Kosa lilikuwa la Zita. Pale kaburini kwao Uru, mbele ya padre na ukoo mzima, alimnyooshea kaka yake kidole akasema, "Wewe ndiye uliyemuua mama, kwa kumficha ndani mpaka ugonjwa ukamshinda."

Juzi tu wifi yake, Gladys, alimweleza ukweli. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa hospitali, akamwapisha Wenseslaus asimwambie mtu. Naye Wenseslaus akakubali kuitwa muuaji kuliko kuvunja kiapo. Zita alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akakata tiketi.

Dereva wa kwanza alipiga simu kuuliza, "Dada, unaelekea wapi?" Aliposikia Moshi akaifuta safari, kwani yeye alitaka abiria wa Arusha. Wa pili alikubali, na simu ikatangaza kwamba dereva amefika, wakati pale mlangoni pa uwanja wa ndege hakuwepo. Kumbe alikuwa nje ya geti. Zita akaenda kwa miguu, jua likimchoma utosi na viatu vyake vya Dar vikimlaani kila hatua.

Dereva aliitwa Hosea, mtu wa Tabora, mpole, aliyehamia Moshi baada ya kuoa huko. Aliiamini ramani ya simu kuliko macho yake.

"Inasema tutawahi, dada," akasema.

Walipoipita Boma Ng'ombe, Zita aliitazama mikono yake na moyo ukamlipuka. Ilikuwa mitupu! Neno alilolisema juu ya kaburi halifutwi kwa samahani ya mdomo. Kwao linataka isale, lile jani refu linalopandwa mipakani na makaburini. Ukimpelekea isale uliyemkosea, hawezi kukufukuza. Na yeye, mtoto wa Uru mzima mzima, alikumbuka tiketi akasahau isale.

"Tukifika Kwa Sadala, kata kushoto."

"Dada, hospitali iko mbele."

"Naijua. Kata kushoto."

"Tukikata hapo hatumuwahi mgonjwa."

Zita alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini kufika mapema mikono mitupu kulikuwa kumpelekea kaka yake uso tu, na uso huo kaka alishauona ukimtukana. "Kata," akasema.

Wakapanda barabara ya Machame. Simu ikalalamika: Umetoka kwenye njia. Uko salama? Zita akabonyeza ndiyo kwa nguvu, kama anamkanya mtoto.

Penye uzio wa kwanza wa masale alimkuta bibi anakata majani ya ng'ombe. Zita alimwamkia shikamoo, kisha akajieleza kwa Kichagga cha Uru. Bibi akajibu kwa cha Machame. Kila mmoja akaambulia nusu, ikabidi warudi kwenye Kiswahili.

"Naomba isale, mama."

Bibi aliuacha mundu. "Umemkosea nani?"

"Kaka yangu. Nilimwita muuaji, na hakuua."

"Yeleuwii!" Bibi hakuuliza tena. Akachagua jani zima, akalikata, akampa. "Usiliweke chini mpaka alishike mwenyewe."

Hosea alipoliona alishangaa. "Kumbe ni jani tu?"

"Ni jani tu. Endesha."

Kabla ya mto Weruweru foleni ikawakamata. Barabara ilikuwa inatengenezwa, na malori yalijipanga mpaka upeo wa macho. Hapo Gladys akapiga, simu ya video.

"Wifi, wameshaleta kitanda cha kumsukumia."

"Nipe nimwone."

Wenseslaus alionekana ndani ya gauni la kijani, amekonda mpaka shingo imekuwa ya mtoto. Zita aliyaacha maneno yote aliyoyapanga tangu Dar. Akaliinua jani mbele ya simu. Hosea akazima redio.

"Hicho ni nini?" kaka akauliza.

"Unakiona, kaka."

"Nakiona kwenye kioo. Isale la simu mimi silijui." Akavuta pumzi kwa shida. "Lilete. Nikitoka humo ndani nalitaka mkononi."

Kitanda kikaanza kusukumwa, picha ikayumba, simu ikakatika. Zita akaangua kilio. Hosea akawasha injini. Alitoa gari kwenye foleni, akapita pembeni kwenye vumbi mpaka kwa mtu wa bendera, akatoa kichwa dirishani.

"Bwana, nimebeba isale la mgonjwa!"

Mtu wa bendera akainama, akaliona lile jani mkononi mwa Zita, akamtazama na machozi yake. Akawazuia waliokuwa wanakuja, akainua bendera ya kijani.

Walikuta milango ya upasuaji imeshafungwa. Zita akaketi kwenye benchi karibu na Gladys, isale limesimama mkononi. Gladys alimletea chai, akainywa kwa mkono wa kushoto. Wifi alimwambia abadilishe mkono angalau, Zita akakataa. Jani likaanza kulegea ncha, yeye hakulegea.

Jua lilikuwa limeshuka dirishani kitanda kilipotoka. Macho ya Wenseslaus yalikuwa yamefungwa, midomo imekauka. Zita akamwinamia.

"Kaka, ni Zita."

Hakufumbua macho. Vidole vyake vikatambaa juu ya shuka polepole, kiganja kikafunguka.

"Lete," akasema.