Ukurasa wa Sumaku

Mwanapili binti Abdurahman alikuwa akijalidi misahafu pale Msambweni, kazi aliyofunzwa na marehemu babake. Mwaka 1954 aliletewa kitabu ambacho hakuweza kusoma hata neno moja. Mwenyewe alikuwa Daktari Menezes, Mgoa mzee aliyestaafu na kuhamia Diani. Mchwa walikuwa wamelila jalada lote na pembe za kurasa.

"Kilipigwa chapa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita," daktari alimwambia. "Ni Kilatini. Kinaeleza habari za sumaku, na za kaharabu, ile ya shanga za tasbihi, jinsi inavyovuta majani makavu ikisuguliwa. Huo ndio umeme, kabla watu hawajaujua vizuri. Vilivyobaki duniani ni vichache mno. Ukiona huwezi, bibi, niambie tu."

"Nitajaribu, inshallah."

Alikifungua ukurasa kwa ukurasa, akapangusa vumbi kwa brashi laini, akaziba matundu kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Katika ukurasa mmoja aliona picha: mtu amelala chali, na mwanamke amemwinamia, ameshika jiwe jeusi karibu na jicho lake. Daktari alipopita kutazama kazi, Mwanapili aliuliza maana yake.

Mzee alivaa miwani, akasoma polepole. "Huyu aliingiwa na kipande cha chuma jichoni. Mwanamke akakivuta kwa sumaku."

Wiki mbili baadaye mumewe, Mbwana, alikuwa akichimba kisima huko Gazi. Tindo lilipogonga jiwe, ncha yake ilimeguka, na chembe ya chuma ikamrukia jicho la kulia. Mwenzake Dzombo alimleta nyumbani akimshika mkono. Mganga wa zahanati alilitazama jicho, akatikisa kichwa.

"Nikikichokoa hicho chuma kwa sindano huenda nikaliharibu. Mpelekeni Mombasa kesho."

Mwanapili alifunga buibui lake, akamshika mumewe mkono, wakapanda lori la nazi lililokuwa likielekea Diani.

"Shikamoo, daktari," alisema mlangoni. "Nimekuja kwa sababu ya ule ukurasa."

Daktari Menezes alimkalisha Mbwana dirishani, akalichunguza jicho kwa kioo cha kukuzia.

"Mimi si daktari wa macho," alisema. "Lakini chuma kimekaa juu juu, na kesho jicho litakuwa limevimba. Nikishindwa, safari ya Mombasa iko pale pale. Mwaridhia?"

"Twaridhia," Mbwana akajibu.

Mzee alifungua redio yake mbovu, akatoa sumaku ya spika, akaigandishia msumari uliochemshwa ili apate ncha nyembamba. Alitia jichoni matone ya dawa ya ganzi. Mwanapili alikishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu daktari aliuinua msumari kwenye mwanga, na pale nchani palikuwa na doa jeusi, dogo kuliko punje ya mtama.

Mbwana alilia wala hakujificha. Mwanapili aliuchukua mkono wa mzee akaubusu.

"Mimi ndiye wa kushukuru," daktari alisema. "Kitabu kile ninacho miaka thelathini. Wengi wamekiona, wakasifu ukongwe wake. Hakuna aliyewahi kuniuliza yule mtu anafanywa nini."

Jicho lilipona, likabaki na kovu jembamba. Mwanapili alikuwa na ngozi nyekundu ya mbuzi aliyoachiwa na babake, ameitunza miaka bila kuigusa. Ndiyo aliyokivika kitabu kile.

Mbwana naye alikwenda Diani na Dzombo bila kuitwa, wakachimba kisima nyuma ya nyumba ya daktari. Maji yalitoka na chumvi kidogo. Mbwana aliona haya, akataka kuchimba pengine. Daktari alijaza gilasi, akanywa yote, akaomba nyingine.