Vidole vya Hungwe

Mbuya Matirasa, bibi mchongaji wa kwetu, alimchonga ndege wa jiwe wa lango la halmashauri kwa miezi minne. Ni yule yule wa bendera ya taifa na sarafu, ila Mbuya alimpa vidole vya mtu miguuni, kama ndege wa mawe wa kale kule magofuni, kama alivyofundishwa na babake. Akasema hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, wajukuu waione hivyo hivyo.

Afisa Chiwandire wa halmashauri akaja kumkagua. Akainama, akaguna.

"Mbuya, furukombe gani huyu mwenye vidole vya shangazi yangu? Ijumaa kwenye uzinduzi wageni watatucheka. Mtie makucha."

"Furukombe yuko ziwani, mwanangu, kamtazame huko. Huyu ni babu."

"Babu gani tena? Hii nembo ya taifa!"

"Kwani taifa limeota kama uyoga? Halina babu?"

Tukacheka sisi wauza vinyago tuliosimama pale, hata dereva wa afisa. Chiwandire hakucheka. Akasema vidole visipotoka, ndege haingii langoni. Atanunua wa saruji mjini.

Mbuya akapiga magoti, akagonga viganja taratibu kama mwanamke amsalimuye mkubwa, akamwita kwa ukoo wake.

"Hungwe! Wewe mwenyewe wa ukoo wa furukombe, hata nyama yake huionji. Shika tupa yangu hii ya kuchongea. Mkate babu yako vidole kwa mkono wako."

Chiwandire akaishika ile tupa. Akaigusisha mguuni pa ndege, akaiondoa. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ukoo gani?"

"Soko." Kwetu ndilo jina la ukoo wa nyani.

"Basi haikuhusu. Fanya wewe."

Kweli, haikunihusu. Nilikuwa na kibanda cha vinyago pale langoni, na kibali chake hutiwa sahihi na afisa huyo. Jiwe la sabuni ni laini, nilivigeuza vidole makucha kabla ya chakula cha mchana. Mbuya alikinga unga wa jiwe kwa kitambaa chake cha kichwa, akaufunga, akaenda zake.

Ijumaa wageni walipiga picha. Chiwandire tangu hapo hupitia mlango wa nyuma. Mimi hupita langoni kila siku, na naona aibu, sifichi.

Juzi nilimkuta Mbuya anakokota jiwe jipya la kuchonga peke yake, anahema. Nikakimbia kumpokea. Akanigongea viganja kwa heshima zote.

"Acha, Soko," akasema. "Halikuhusu."