Somo la Kukaa Kimya

Wazazi wenzangu wa Bungu, hongereni. Nasikia klabu ya ndege ya Kibiti sasa inahamia kwenu. Wafulieni watoto sare, wachaneni nywele, maana elimu inayokuja ni kubwa. Mimi nimeionja. Nitawasimulia ilivyokuwa, kisha kila mtu afanye na mwanawe anavyopenda.

Miaka hii ya ruhusa mnaijua wenyewe. Mitumba ruhusa, vyama vingi ruhusa, na mtu akikosa kazi anachonga mhuri anaanzisha kikundi chake. Bwana Tamimu alikuwa karani wa ushirika wetu wa korosho. Ushirika ulipokufa akapotelea Dar es Salaam, akarudi na darubini shingoni. Ameshakuwa mtaalamu wa ndege! Nadhani ndege wenyewe walishangaa, maana miaka yote ya ushirika hatukumwona hata siku moja akitazama juu.

Basi, kila Jumamosi akawa anatoa mhadhara darasani: wanyamapori na hifadhi. Picha anabandika ukutani, na mwisho soda, kwa hisani ya mfadhili. Hata mimi ningehifadhi mazingira kwa soda ya baridi. Watoto wakajaa. Hajira wangu, binti wa darasa la sita, akawa hakosi benchi la mbele.

Siku moja karudi, kanisimamia jikoni.

"Mama, baba ni adui wa mazingira."

Baba yake wakati huo yuko Kiongoroni, anakata boriti za mikoko.

"Adui huyo ndiye aliyekununulia hiyo sketi," nikamwambia. "Ivue basi, tumrudishie."

Hakuivua.

Hayo nikayacheka. Lililonitia hofu ni jingine. Mpunga ulipoanza kutoa masuke tukashukia bondeni kama kila mwaka, tukakaa juu ya madungu yetu, vile vichanja vya miti, kuamia ndege. Na kuamia ndege ni kelele, hakuna namna nyingine. Unapiga bati, unapiga ukelele, dungu la jirani linakuitikia. Ndege wanaondoka, nguruwe mwitu wanajua pana watu, na sisi akina mama tunajua watoto wetu wako wapi. Mpunga ukishakuwa mrefu mtoto humwoni. Unamsikia tu.

Sasa Hajira akawa ananong'ona. Nimempa dungu lake la upande wa bwawa, kweleakwelea wametua kama wamealikwa karamu, yeye kakunja mikono anawatazama.

"Piga bati, mwanangu!"

"Bwana Tamimu amesema kelele inawasumbua viumbe."

"Na njaa haitusumbui sisi?"

"Amesema tukae kimya kama visiki. Hata ukiona mnyama mkubwa, usipige kelele. Yeye yuko kwake, wewe ndiye mgeni."

Mgeni! Shamba la bibi yake mzaa baba, kumbe tumekaribishwa tu.

Asubuhi moja nikaita, "Hajiraaa!" Kimya. Nikaita tena. Mwajabu, jirani yangu wa dungu la pili, ndiye aliyeitikia.

"Si kalala tu huyo!"

"Hajira akilala anakoroma, ningemsikia."

"Mama Hajira, wewe nawe! Mtoto akienda chooni tu unamsomea dua."

Alicheka peke yake. Mimi nilishashuka na bati mkononi. Kwenye dungu lake hakuna mtu. Nyayo zake zinaelekea kwenye matete kando ya bwawa, na pembeni yake nyayo za viatu. Nani anavaa viatu bondeni? Hapo akili ikaniruka. Nikakatiza katikati ya mpunga huku napiga bati, napiga na mayowe, sijui namwita Hajira, sijui namwita Mungu.

Nikawakuta. Bwana Tamimu kachuchumaa na darubini yake, Hajira pembeni kachuchumaa vilevile, hapepesi jicho. Mbele yao korongo mmoja mkubwa kasimama majini. Bwana Tamimu akanipungia mkono kwa hasira.

"Shh! Mama, utamfukuza!"

Korongo akaruka.

"Umeona sasa? Umeona! Huyu nimemtafuta tangu—"

Hakumaliza. Matete nyuma yao yakavunjika, akatoka kiboko. Usiku kucha alikuwa kwenye mpunga wetu, sasa anarudi majini, na klabu imekaa kwenye njia yake.

Mimi sikuwa najua kama kiboko yupo. Nasema kweli, nilikuwa naogopa tu kama ninavyoogopa siku zote, na mikono ikakataa kuacha kupiga bati. Bwana Tamimu aliondoka. Sijui alipita wapi, nilisikia viatu tu. Hajira akabaki. Mwanangu akabaki pale pale, kachuchumaa, kafumba mdomo, kama alivyofundishwa. Kiboko akayumba kwa ile kelele, akapita upande, karibu mno hata tope la miguu yake lilimjaa mtoto usoni. Maji yakapasuka, akazama.

Nikamnyanyua. Nikampangusa tope usoni.

"Mbona hukupiga kelele? Mbona hukukimbia?"

"Nilikuwa kisiki, mama."

Jumamosi nikaenda kwenye mhadhara mwenyewe, nikakaa nyuma. Bwana Tamimu akasimulia. Kiboko, anasema, alikuwa ametulia kabisa, mpaka mwananchi mmoja asiye na elimu alipomshtua kwa makelele. Lakini mwanachama wetu Hajira alionyesha nidhamu ya hali ya juu. Mpigieni makofi! Wakampigia. Hajira akatabasamu.

Nikasimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Wewe ulipokimbia, ulikuwa kisiki cha mti gani?"

"Sikukimbia, mama. Nilikwenda kuomba msaada."

"Msaada wenyewe ulikuwa kwenye dungu langu!" Mwajabu akadakia dirishani. "Kapanda kakanyaga na sufuria la uji, nguo yangu kajifunika kichwani!"

Watoto wakacheka mpaka wengine soda ikawatoka puani. Bwana Tamimu akakohoa, akasubiri wanyamaze, akauliza nani atakwenda matembezi yajayo. Ng'ambo ya mto safari hii, anasema, kuna mabwawa mazuri zaidi.

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Hajira.

Nikapita katikati ya mabenchi, nikaushika mkono ule ule, nikatoka naye. Kalia njia nzima kwamba nimemwaibisha. Mpaka leo hasemi nami, chakula anakila amenipa mgongo. Bwana Tamimu kaniletea salamu kwamba narudisha nyuma maendeleo. Sawa. Nimepokea.

Basi wenzangu wa Bungu, msikose. Klabu inahitaji wanachama, na nafasi zilikuwa zimejaa, lakini sasa imepatikana moja. Ni ya Hajira. Mwenye mtoto asiyemhitaji sana, amwandikishe.