Msamaha Usioombwa

"Mama yake huyu nilimzika mimi," Mzee Gervas alizoea kusema, mkono wake ukitua begani mwa Agripina kama wa mtu anayewaonyesha wageni kabati alilolipata kwa bei nzuri. Aliyasema hayo kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe za Uhuru kila Desemba, na mara moja, bila haya, kwenye matanga ya mtu mwingine. Wageni waliguna kwa heshima. Agripina alitabasamu. Kwa miaka kumi alitabasamu vivyo hivyo, na nyuma ya meno yale alikuwa akimtemea mate.

Gervas hakuwa amemzika mtu yeyote. Siku jeneza la mama yule liliposhushwa kaburini, nje kidogo ya Bukoba, mwezi wa pili mwaka 1999, yeye alikuwa ofisini Stockholm akichora mabomba ya maji ya manispaa. Hata Agripina hakuwapo. Maombi yake ya ukaazi yalikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji, na aliyethubutu kutoka nje ya nchi wakati huo alijua huenda mlango usifunguke tena. Alimzika mama yake kwa bahasha: picha kumi na moja zilizofika baada ya wiki tatu, nyingine zikiwa na giza la kidole cha mpigapicha pembeni.

Kilichokuwa cha Gervas ni fedha. Krona za Uswidi elfu hamsini na nne: wiki tano za hospitali Dar es Salaam, kisha gari la kuusafirisha mwili, jeneza, na chakula cha waombolezaji. Alizitoa sebuleni kwake Upplands Väsby, kitongoji cha Stockholm, bila hata kuandikishana. "Utalipa utakapoweza, binti," alisema. "Sisi ni ndugu." Agripina, aliyekuwa na miaka ishirini na saba na hajalala siku nne, alipiga magoti kwenye zulia na kulia. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Fedha aliweza kuzirudisha. Yale magoti hakujua ayarudisheje.

Akaanza kulipa. Kila tarehe ishirini na tano, mshahara ulipoingia, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya chakula, aliituma sehemu ya Gervas benki. Alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, wodi ya wazee, akiwageuza na kuwaosha watu waliomwita kwa majina ya wasaidizi waliomtangulia. Alitaka kuwa muuguzi kamili. Chuo kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Akiwa dirishani na beseni mkononi aliwaona wanafunzi wakivuka na mabegi yao. Mara tatu alijaza fomu, mara tatu akazichana, kwa sababu mwanafunzi hana mshahara wa tarehe ishirini na tano.

Gervas naye alizijua haki zake. "Agripina, njoo umsaidie Mama Queen jikoni, tuna wageni." "Agripina, kuna mheshimiwa anatua Arlanda kesho alfajiri, kampokee." Hakuwahi kulitaja deni katika maombi hayo. Hakuwa na haja. Alinyamaza kidogo tu baada ya kuomba, na katika ukimya huo elfu hamsini na nne zilisimama zikamtazama Agripina usoni. Alikwenda. Alikata vitunguu, akabeba mizigo ya waheshimiwa, na njiani kurudi, ndani ya treni, alimhesabia Gervas kasoro zake moja baada ya nyingine: kicheko chake cha puani, viatu vyake vyenye ncha, Kiswahili chake cha hotuba ambacho hakikumaliza sentensi bila "kwa hakika na kwa dhati". Dharau ile ilimpa joto. Baridi nyingi alizipita nayo.

Pasaka ya mwaka 2009 alichukua zamu zote za sikukuu, zile ambazo Waswidi hawazitaki, na mwezi wa tano akajikuta amebakiza elfu tatu na mia sita. Wiki hiyohiyo ikaja kadi: Mzee Gervas anatimiza miaka sitini, karamu Jumamosi mchana, ukumbi wa jumuiya, Väsby. Agripina aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwenye mashine ya fedha akatoa noti saba za mia tano na moja ya mia. Mara hii asingetuma benki. Angempa mkononi, na angemtaka atie saini chini ya mstari mmoja alioupiga chapa kazini wakati wa mapumziko: *Nimepokea fedha zote, simdai Agripina chochote.*

Ukumbi ulikuwa na watu arobaini, ambao wangemsikia Gervas hata kama angenong'ona, lakini alikuwa na kipaza sauti. Alikishika kwa vidole vitatu, kidole cha mwisho kikiwa hewani, akawashukuru wazazi wake, walimu wake, na ufalme wa Uswidi kwa kumtambua. Suti yake ilikuwa ya rangi ya maziwa. Agripina alingoja akishushe, akamsogelea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti! Jikoni wanakungoja."

"Naenda. Lakini kwanza nina hili." Akampa bahasha na karatasi. "Ni elfu tatu na mia sita. Ndizo za mwisho. Nikaona nije mwenyewe."

Gervas aliisoma karatasi. Agripina alikuwa ameungoja uso huo kwa muda mrefu, na jinsi ulivyobadilika ilimstaajabisha, maana haukuwa wa furaha wala wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyearifiwa kwamba nyumba anayokaa imeuzwa.

"Siku ya furaha yangu unaniletea mambo ya hela?"

"Ni saini tu, Mzee."

"Weka, weka," akasema, akimrudishia bahasha kama mtu anayesukuma sahani yenye mfupa. "Tutaongea." Akaondoka na karatasi.

Robo saa baadaye Ephraim, kijana wa kwaya aliyekuwa mshereheshaji, aliomba utulivu. Mwenye siku yake alikuwa na neno moja zaidi.

"Ndugu zangu," Gervas alisema, "wengi mnamjua binti yetu Agripina. Kwa hakika na kwa dhati, mama yake nilimzika mimi." Watu wakaguna. "Leo amenijia na deni lake lililobaki. Nami nikajiuliza: mtu wa miaka sitini ana haja gani ya kumkamua yatima? Basi mbele yenu nasema: Agripina, nimekusamehe!"

Vigelegele vikapasuka. Mtu akampiga Agripina mgongoni. Mwanamke mmoja alifuta machozi. "Njoo, dada, umshukuru mzee!" Ephraim akaita, kipaza sauti kikiwa kimenyooshwa.

Agripina alisimama pale alipokuwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alikiri kwamba yule mtu alikuwa na akili. Kwa elfu tatu na mia sita alikuwa anainunua miaka kumi nzima. Elfu hamsini na mia nne alizolipa zingesahaulika kabla keki haijakatwa. Ambacho kingesimuliwa kuanzia leo ni msamaha. Angeitwa jikoni hadi awe bibi kizee. Na angekwenda, kwa sababu nani humkatalia aliyemsamehe?

Akatembea hadi mbele, akakichukua kipaza sauti.

"Mzee Gervas alinikopesha nilipokuwa na shida," alisema. "Kwa hilo nilimshukuru siku ileile, na ninamshukuru tena. Nimelipa elfu hamsini na mia nne. Zilizobaki ni hizi hapa. Sikuja kusamehewa, Mzee. Anayesamehewa ni mkosaji. Mimi nilikuwa mdaiwa tu." Akanyoosha bahasha. "Na mama yangu hukumzika wewe. Walimzika majirani zake, udongo ukiwa kwenye viatu vyao."

Mashine ya kahawa ilisikika ikikoroma pembeni. Gervas alicheka puani. Mikono aliitia mifukoni, yote miwili.

"Mnaona?" aliwaambia watu bila kipaza sauti. "Ni zamu za usiku. Hawa wauguzi hawalali."

Baadhi wakacheka, kwa nafuu. Agripina aliiweka bahasha mezani mbele yake. Gervas akageuka kumsalimia mtu, na pindo la koti lake la maziwa likaisukuma bahasha hadi sakafuni. Hakuna aliyeinama. Muziki ukawashwa. Ikabidi Agripina apige magoti tena, mbele ya mtu yuleyule, aitafute chini ya meza kati ya viatu vya wageni. Alipoinuka alikuwa na vumbi kwenye gauni na hamu moja tu, kuchukua koti lake na kuondoka. Makoti yalikuwa jikoni.

Mke wa Gervas alikuwa jikoni peke yake, akipanga sambusa. Jina lake Stellah, ingawa kila mtu alimwita Mama Queen kwa jina la binti yake wa kwanza. Agripina alimdharau mwanamke huyu karibu sawa na mumewe. Mumewe angalau alikuwa na la kusema. Huyu aliingia na sinia, akatoka na sinia. Kazini Agripina aliwahi kuwaambia wenzake kwamba mke wa Gervas ni kama pazia: ukimvuta huku anakwenda huku.

"Nipe mimi," Stellah alisema.

"Nini, Mama?"

"Hiyo bahasha. Fedha zilikuwa zangu."

Agripina hakuelewa. Stellah alifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Miaka sita nilisafisha ofisi za watu kabla hawajaingia kazini. Nilizitunza benki kwa jina langu. Ulipopiga simu unalia, Gervas alisema tukupe elfu mbili na salamu za rambirambi. Mimi ndiye niliyekwenda benki. Yeye alikukabidhi tu, kwa sababu ndiye anayekaa sebuleni."

"Na nilizokuwa nalipa?"

"Ziliingia kwenye akaunti yake. Zimejenga ukuta wa nyumba yake Bukoba." Akatafakari. "Ukuta tu. Nyumba bado."

Kicheko kilimponyoka Agripina, kibaya, cha puani, kama kilekile alichokichukia. Akakinyamazisha. "Mama, mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Kipaza sauti anacho yeye." Stellah alimtazama usoni, na macho yake hayakuwa ya pazia hata kidogo. "Na wewe je? Miaka kumi umekata vitunguu vyangu. Umenisalimia, umeninunia, umechukua koti lako ukaenda. Hukuniuliza hata siku moja nimeshindaje. Nilikuwa nikikuona unavyonitazama, Agripina. Gervas hajawahi kunitazama hivyo, na Gervas ni Gervas."

Dharau ambayo Agripina alikuwa ameingia nayo ilikuwa bado kifuani, nzito kama ilivyokuwa, lakini ilikuwa imegeuka, na sasa ilimkabili yeye. Alijiona akipita mlango ule mwaka baada ya mwaka, kidevu juu, akimpita mtu aliyempa jeneza la mama yake ili kwenda kumwamkia aliyezikabidhi tu fedha sebuleni.

"Basi bado nadaiwa," alisema polepole. "Nilimlipa asiye mwenyewe. Elfu hamsini—"

"Ishia hapo." Stellah aliinua kiganja. "Wewe umelipa. Anayedaiwa sasa ni mwingine, na huyo nitamdai mwenyewe, kwa wakati wangu. Lete hizo."

Akazihesabu noti nane juu ya meza, akarudia kuzihesabu, bila haraka. Kisha alivuta karatasi ya orodha ya manunuzi, akaipindua, akaandika kwa mwandiko wa mtu ambaye huandika mara chache na huandika kwa usahihi: amepokea, amelipwa, hadai. Chini akaandika jina lake lote, lile la kwao, ambalo Agripina hakuwahi kulisikia. Noti akazitia kifuani.

"Kati ya zote ulizolipa, hizi ndizo za kwanza kuzishika," alisema. "Sijui hata nitafanyia nini." Na uso wake ukapata kitu kama usichana, kikapita. "Mama yako aliitwa nani?"

Agripina alikodoa macho. Katika hotuba zote, mbele ya watu wote wale, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Leokadia," alisema. "Leokadia Kokushubira."

"Kokushubira," Stellah akalirudia, akiyapa matamshi ya nyumbani uzito wake. "Alikuwa mrefu?"

"Mfupi. Mfupi sana. Alikuwa akipanda kiti kufunga dirisha." Akavuta kiti akakaa.

Kutoka ukumbini sauti ikavuma: "Mama Queen! Kisu cha keki!" Kisu kilikuwa palepale mezani kati yao, kimefungwa utepe wa dhahabu. Stellah alikitazama. Akavuta kiti cha pili, akakaa naye, akasogeza sinia la sambusa katikati.

"Mama Queen, kwa hakika!" Wageni walicheka kidogo. Kipaza sauti kilipiga mluzi.

"Alikuwa akipanda kiti," Stellah alisema. "Haya, endelea."

Agripina alichukua sambusa. Ilikuwa ya moto bado. Aliigawa vipande viwili, akaanza kusimulia, na ukumbini mtu akaita mara ya tatu.